Kabla ya Kofi: Suala la Ruhusa katika Ndoa za Fasihi Yetu

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, makala haya yametokana na sentensi moja tu. Enzi zile riwaya ya Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed ilipokuwa ikitahiniwa, nilikuwa nikisahihisha mtihani wa majaribio wa Karatasi ya Tatu. Swali lilihusu ndoa ya Maksuudi na Tamima. Mtahiniwa mmoja, tena miongoni mwa wale hodari, aliandika kuwa Maksuudi alikuwa mume mwema kwa kuwa alimlisha na kumvisha mkewe, ila aligeuka mume mbaya siku alipompiga. Nilitia mkwaju mwekundu pembeni, kisha nikasita, maana sikujua nimwandikie nini. Siku ya kurudisha karatasi alinifuata katika chumba cha walimu, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, kama asingempiga, kosa lake lingekuwa nini?"

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia asome tena. Hilo ndilo jibu la mwalimu asiyekuwa na jibu.

Ukitazama miongozo mingi inayouzwa madukani utaona kwa nini kijana yule aliandika vile. Tumewazoesha watahiniwa kujibu swali la nafasi ya mwanamke kwa vibandiko: mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mlezi, mwanamke kama kiumbe duni, mwanamke kama msaliti wa mwanamke mwenzake. Kila kibandiko hupewa mfano mmoja, na mfano unaokumbukwa upesi ni ule wenye kelele: kofi, talaka, tusi. Hivyo mtahiniwa huamini kuwa ukosefu wa usawa baina ya mume na mke ni tukio. Huutafuta katika msuko kama anayetafuta ukurasa wenye ugomvi. Maoni yangu ni kwamba ukosefu wa usawa ni mpango wa nyumba, nao huwepo siku zote tulivu zinazotangulia ugomvi. Na alama iliyo wazi zaidi ya mpango huo ni ruhusa. Nani huomba ruhusa katika nyumba hii? Huomba kwa ajili ya nini? Je, yupo asiyeiomba kabisa?

Tuanze na lugha yenyewe, kwa sababu sisi ni walimu wa Kiswahili na tuna bahati ya kuwa na ushahidi katika sarufi. Mume huoa, mke huolewa. Mume huacha, mke huachwa. Mume hutoa talaka, mke hupewa. Katika kipindi cha sarufi tunayafundisha haya kama mnyambuliko wa vitenzi, tunazungumzia kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa, kisha tunapiga kengele na kuondoka. Hatuwaambii wanafunzi kwamba hapa sarufi imebeba desturi: mmoja ni mtenda na mwingine ni mtendwa hata kabla bibi harusi hajavuka kizingiti. Ni kweli pia kwamba lugha hiyo hiyo ina kauli ya kutendana. Watu huoana, hupendana, hushauriana, na hata huachana. Ukisoma riwaya au tamthilia yoyote yenye ndoa ndani yake, hebu angalia mwandishi anatumia kauli ipi anapowazungumzia wanandoa wake, na ni lini anabadilisha. Zoezi hili halihitaji nadharia yoyote ya kigeni.

Kazi inayoonyesha suala la ruhusa kwa uwazi kuliko zote ni Utenzi wa Mwana Kupona. Uliandikwa huku kwetu, katika visiwa vya Lamu, mwaka wa 1858. Mtunzi, Mwana Kupona binti Msham, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sayyid Said wa Zanzibar. Alikuwa mgonjwa kwa muda wa mwaka mzima alipomwita binti yake, Mwana Hashima, amkaribie na wino na karatasi apokee wasia. Alifariki karibu na mwaka wa 1860. Walimu wengi huutaja utenzi huu kwa haraka, hunukuu beti mbili tatu za utiifu, huutangaza kuwa ni kielelezo cha mfumo wa kuumeni, na mjadala hufungwa. Naomba tuufungue tena.

Mama anamwambia binti kuwa wapo watano anaopaswa kuwaridhisha: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Anamwonya kwamba Siku ya Kiyama mume ataulizwa analotaka, na kwa neno lake mke ataingia peponi au motoni. Zingatia jambo hilo, mtahiniwa. Ruhusa haikuishia mlangoni pa nyumba. Imefika hadi mlangoni pa pepo. Kisha mama anashuka kwenye mambo madogo ya kila siku. Mume akisema, asijibizwe. Akienda, aagwe, akirudi, apokewe kwa uchangamfu. Akilala, asiamshwe kwa ghafla, wala sauti isipazwe, na mke asiondoke karibu naye asije akaamka akaanza kumtafuta. Akandwe, apepewe, anyolewe, afukizwe udi, chakula chake kisicheleweshwe. Na mke akitaka kutoka aombe ruhusa. Akiona mume hajapendezwa, akae. Akiruhusiwa, asikawie njiani wala asijifunue.

Kwa msomaji wa leo haya yanatosha kumfanya autupe utenzi mbali. Lakini mna jambo moja ambalo limewashughulisha wahakiki kwa muda. Mama anamfundisha binti amtunze mume kama mtoto mchanga ambaye hajajua kusema. Hapo msomaji makini husimama. Je, bwana mwenye uwezo wa kumtia mtu peponi anafananishwa na mtoto asiyejua kusema? Mhakiki Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka wa 1991, alipendekeza kuwa utenzi huu usomwe upya na kwamba mna kinaya ndani yake: chini ya maneno ya utiifu mama anampa binti siri ya kumtawala mume. Wapo wanaopinga wakisema kuwa hayo ni matamanio ya wasomi wa siku hizi wanaotaka kila mwanamke wa zamani awe mpiganaji.

Mimi nasimama kati ya pande hizo mbili, lakini si kwa kuogopa ubishi. Soma utenzi wote, kisha jiulize: katika nyumba hii, nani anajua nini? Mke anajua mume anapenda chakula gani, analala vipi, ndevu zake zimefika wapi, uso wake unaonyeshaje akichukizwa. Mume hatuelezwi kuwa anajua lolote kumhusu mke. Kazi yake katika nyumba ni moja tu: kuridhika au kutoridhika. Maarifa yote yako upande mmoja, na kauli ya mwisho yote iko upande wa pili. Mama hamdanganyi binti kuhusu hilo, wala hamwambii kuwa ni haki. Anamwambia hivi ndivyo nyumba ilivyo, na hivi ndivyo mtu anavyoweza kuishi ndani yake bila kuvunjika. Anayelazimika kumsoma mwenzake usiku na mchana ili ajue kama leo anaweza kwenda kumtazama nduguye mgonjwa, huyo ndiye asiye na uwezo, hata awe na werevu wa namna gani. Wanaousifu werevu wake wasisahau kuuliza kwa nini aliuhitaji.

Jambo la pili ambalo miongozo hulipuuza ni kwamba Mwana Kupona alipoutunga utenzi huu hakuwa tena akimwomba mume ruhusa. Alikuwa mjane. Anakumbuka kuwa yeye na baba yake Mwana Hashima waliishi kwa furaha bila kugombana, na kwamba mumewe alifariki akiwa radhi naye. Hana sababu nasi hatuna sababu ya kumkanusha. Hata hivyo, ni baada ya kifo hicho ndipo tunamsikia. Anasema kwa sauti yake, anawaita wanawake wote wasome, anataja idadi ya beti zake, mia moja na mbili, na mwaka alioandika. Mwanamke huyu anayemfundisha bintiye asijibizane amejiandika katika historia ya fasihi yetu kwa jina lake. Wanaume wengi wa Siyu wa wakati huo hatuyajui majina yao.

Na tusisahau tabaka. Mke wa kwenye utenzi ana nafasi ya kukaa kando ya kitanda akimpepea mume kwa kuwa kazi nzito za nyumba zinafanywa na wengine. Mama anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Hivyo katika nyumba ile ile wamo wanawake ambao hakuna aliyewaandikia wasia, na ambao ruhusa yao haikuombwa kwa mume bali kwa bibi huyu huyu mpole. Mtahiniwa anayeandika "mwanamke katika jamii ya Waswahili alikandamizwa" amesema kweli nusu. Ni mwanamke yupi? Mwanamke mmoja anaweza kuwa chini ya mumewe na juu ya mwanamke mwenzake kwa saa ile ile.

Haya, tuondoke pwani twende ziwani. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi tuko Ukerewe, katika familia ya Zakaria na Regina. Kama binti yake Mwana Kupona angepelekwa katika nyumba hii, wasia wa mamake ungemsaidia nini? Hakuna udi, hakuna mtu wa kupepea. Kuna watoto wengi, kuna shamba, kuna mume mlevi. Regina ndiye mhimili wa nyumba na Zakaria ndiye kichwa cha nyumba. Maneno hayo mawili, mhimili na kichwa, huwa tunayatumia darasani bila kuyafikiria. Mhimili hubeba, kichwa huamua. Kezilahabi anatuonyesha nyumba ambamo anayebeba haamui na anayeamua habebi.

Hapa napenda kuwakumbusha walimu jambo la sheria, kwa kuwa watahiniwa hupenda kuuliza "na siku hizi je?" Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 45, inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa katika ndoa, na wakati ndoa inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kuwa mchango wa mwanandoa si fedha peke yake: kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani vyote vinahesabiwa. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa huo haumaanishi kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande uthibitishe mchango wake. Bila shaka Regina ni mhusika wa kubuni na wa Tanzania, naye haongozwi na sheria zetu. Lakini mpeni mwanafunzi kazi hii: awe wakili wa Regina, athibitishe mchango wake kwa kutumia riwaya peke yake. Ataona kuwa ushahidi umo kila ukurasa na hakuna mtu ndani ya riwaya aliyewahi kuuandika mahali. Kazi ya Regina inaonekana siku isipofanywa.

Rosa mwenyewe analelewa kwa marufuku. Babake anamtandika kwa sababu ya barua ya mvulana, Charles. Tendo hilo wanafunzi hulikumbuka sana, na ni haki yao kulikumbuka. Lakini linganisheni na mwisho. Charles huyo huyo, akiwa mchumba, anamkataa Rosa kwa kuwa si bikira, na Rosa anajiua. Hakuna kofi hapo. Charles hakuinua mkono. Alitumia tu haki ambayo jamii ilimpa, ya kumkagua mwenzake ilhali yeye hakaguliwi na mtu. Ukiwauliza wanafunzi ni nani katili zaidi kati ya Zakaria na Charles, darasa zima litapiga kelele "Zakaria!" Waache wapige kelele, kisha uwaulize Rosa alikufa baada ya lipi.

Sasa turejee kwa Maksuudi, kwa sababu ndiye aliyetuleta hapa. Tamima na bintiye Maimuna wamewekwa ndani. Mussa, mwana wa kiume, hutoka na kuingia kama upepo. Maksuudi anazungumza kwa lugha ya heshima na dini, anawalisha, anawavisha, na kisha anakwenda kwa Kazija. Kijana wangu aliandika kuwa kipindi hicho Maksuudi alikuwa mume mwema. Tumsomee polepole. Tamima haijui njia ya kutoka katika mtaa wake mwenyewe. Hajui mumewe yuko wapi wala anafanya nini. Marafiki zake huchaguliwa, na wanaoingia nyumbani huchujwa. Chakula kinachosifiwa kinatoka mkononi mwa mtu mmoja, na mkono huo unaweza kufungwa siku yoyote. Mtu aliye katika hali hiyo akiugua, au akishikwa na uchungu wa uzazi, uhai wake unategemea kama aliyeko nje amefikiria kumtafutia msaada. Na kweli mkunga anayekuja kumzalisha Tamima ni Bi Farashuu, mtu ambaye ana kisasi chake na Maksuudi kwa sababu ya yaliyompata bintiye, Mwanasururu, aliyewahi kuolewa na Maksuudi na kudhulumiwa mali. Talaka inafuata. Nyumba iliyofungwa miaka na miaka inafunguliwa kwa saa chache, na waliofungiwa ndani wanatupwa nje wasikokujua.

Hili ndilo jibu nililopaswa kumpa kijana yule. Kosa la Maksuudi kabla ya kipigo ni kwamba alikuwa amekwisha kumfanya mkewe mtu ambaye akipigwa hana pa kwenda. Kipigo kilikuja katika mahali palipoandaliwa. Maimuna ni ushahidi wa pili. Anapotoka anaangukia katika danguro la Mama Jeni, kisha katika maisha ya Rumbalola. Watahiniwa wengi huandika kuwa Maimuna aliharibika kwa sababu alikosa malezi. Alilelewa sana. Alilelewa kuruhusiwa na kukatazwa, hakulelewa kuamua. Siku ambayo hakuna wa kumkataza hakuwa na kipimo chake mwenyewe. Rosa wa Ukerewe na Maimuna wa Unguja hawakuwahi kukutana, waandishi wao ni tofauti, dini zao ni tofauti, lakini kufuli lilikuwa moja.

Na Kazija? Hapa natofautiana na wenzangu wengi. Miongozo humsifu kuwa mwanamke aliyekombolewa, kwa kuwa haombi ruhusa ya mtu, na kwa hila yake anawafumanisha Maksuudi na Mussa, baba na mwana, nyumbani kwake. Tukio hilo ni tamu kusoma, sikatai. Wanafunzi hucheka hadi kengele ikalia. Lakini jiulize ni nani waliolipia kicheko hicho. Wanaume wawili waliaibika. Tamima na Maimuna walipoteza makao. Aidha Kazija anaishi kwa mikoba ya wanaume hao hao, hivyo mlango wake u wazi kwa masharti. Anaufunua unafiki wa Maksuudi, naam. Kuufunua unafiki wa mtu na kuibadilisha nyumba yake ni mambo mawili, na mtahiniwa anayeyatenganisha katika insha yake anastahili alama za juu.

Kuna hatari katika uhakiki wa aina hii, nayo ni kuwaona wanaume wote kuwa Maksuudi. Mwanafunzi wa kiume aliyekaa dawati la nyuma akihisi kuwa kipindi kizima ni kesi dhidi yake, atafunga kitabu, na pengine atakifunga kwa maisha yake yote. Waandishi wetu si wavivu kiasi hicho. Linganisheni Charles na Kabi. Kabi anamwoa Maimuna baada ya yote yaliyompata. Charles anauliza yaliyopita ili avunje uchumba. Kabi anayajua na bado anajenga nyumba. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika majibu mengi niliyosoma Kabi hupewa mstari mmoja, "ni mwenye mapenzi ya dhati", kisha tunarudi kwa wabaya. Wabaya hutuvutia zaidi. Lakini kwa mvulana anayetafuta mfano wa kuiga, Kabi ana thamani kuliko hotuba yoyote ya mwalimu.

Katika Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi ruhusa inachukua sura nyingine: Yasmin ana umri wa miaka kumi na mitano, Bwana Raza hamsini na miwili. Ruhusa ya ndoa hiyo ilitolewa na wote isipokuwa anayeolewa. Raza si mtu wa ngumi, na wanafunzi wengine humwonea huruma, nami pia kidogo. Yasmin anapotoroka ndipo tunaona kwamba mlango wa nyumba ya mume na mlango wa nyumba ya wazazi ulikuwa na ufunguo mmoja. Anayempokea ni Mwajuma, rafiki, mtu asiye wa ukoo. Inatosha kusema hivyo, kwa maana riwaya hiyo ina mambo mengine makubwa ya siasa yanayohitaji makala yake.

Kwa wale wanaosoma tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, suala letu limeingia jikoni. Sara ni mgonjwa. Nani apike? Ukilitazama juu juu, swali hilo ni dogo, la kuchekesha hata, na wasomaji wengine hulichukulia kuwa kituo cha mapumziko kati ya maswali mazito ya ulevi na matibabu. Mimi naona ndilo lenye uzito. Mwili wa mke umekataa, na desturi bado inamdai. Mume mwenye mikono miwili mizima anahitaji ruhusa ya jamii ili ashike mwiko. Zingatia hapo, mtahiniwa: safari hii mwanamume naye ni mwomba ruhusa. Anaogopa majirani watasema nini. Mpango ule ule uliomfungia Tamima ndani ndio unaomfungia mwanamume nje ya jikoni lake. Sisemi kwamba mizigo yao ni sawa. Aliyefungiwa nje ya jikoni anapoteza heshima kidogo mbele ya majirani. Aliyefungiwa ndani ya nyumba anaweza kupoteza uhai. Ila mwanafunzi akiona kufuli hilo lina pande mbili ataacha kuuliza "kwa nini wanaume ni wabaya" na ataanza kuuliza nani alitengeneza kufuli.

Nijibu pingamizi moja ambalo halikosekani, hasa kutoka kwa walimu wa rika langu. Husemwa kwamba nyumba lazima iwe na msemaji mmoja, na methali hutolewa haraka: fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii imenyanyaswa sana. Fahali ni madume wawili wanaogombea zizi. Haikusemwa juu ya mume na mke hata kidogo, na anayeitumia hivyo amekiri bila kujua kwamba anamwona mkewe kama mshindani wa kufukuzwa. Ukitaka methali ya nyumba yenye watu wawili, ipo ile ya mkono mmoja usiolea mwana. Pima mwenyewe ni ipi ilitungwa na mtu aliyewahi kulea.

Sasa, mtahiniwa, uulizwapo ujadili ukosefu wa usawa katika ndoa, na alama ishirini ziko mbele yako, usikimbilie ukurasa wenye kipigo. Anza mapema zaidi. Taja kinachoombwa ruhusa: kutoka, kutumia pesa, kumwona daktari, kumpokea mgeni, kusoma. Onyesha nani anajua nini kumhusu mwenzake. Onyesha kazi inayofanywa bila kuhesabiwa. Kisha kipigo kikifika, kama kitafika, kieleze kuwa ni matokeo, na mtahini ataona kwamba umesoma kitabu chenyewe na hukukariri mwongozo. Tena uthibitishe kila hoja kwa tendo au kauli iliyomo kitabuni. "Maksuudi ana taasubi ya kiume" si hoja, ni jina la hoja ambayo bado hujaiandika.

Nawe mwalimu, kama una vipindi viwili vya ziada, jaribu hili. Gawa darasa katika makundi, kila kundi lipewe kurasa chache za mwanzo za kazi yenye ndoa ndani yake. Waorodheshe vitenzi vyote vya mume na vyote vya mke. Watenge vya kutenda na vya kutendwa, kisha vile vya kutendana, kama vipo. Wavulana na wasichana wakae pamoja katika makundi, maana ubishi wao ndio somo. Mwaka jana nilifanya hivyo na Utengano katika kidato cha tatu, ingawa haitahiniwi tena. Vipindi vyote viwili viliisha ubao umejaa, safu ya kutendana ikiwa karibu tupu, na bado hatukuwa tumefika kwenye kipigo.